Chumba cha kupanga Dar: hatua kwa hatua, kwa anayeanza na mfuko mdogo

"Kaka, nimepata kazi Dar, naripoti Jumatatu. Nitafutie chumba cha bei poa, sehemu tulivu, karibu na barabara."

Ujumbe wa namna hii nimeupokea mara nyingi hadi nimechoka kuujibu mmoja mmoja. Leo binamu, kesho mdogo wangu wa chuo, keshokutwa mtoto wa jirani yetu wa nyumbani ambaye sijui hata namba yangu kaipata wapi. Maswali ni yaleyale: miezi sita ni lazima? Dalali analipwa shilingi ngapi? Luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya pamoja ina shida gani? Nikitapeliwa naenda wapi? Basi nayajibu yote hapa. Nimepanga Dar miaka kumi na tatu, nyumba saba, na mbili kati ya hizo nilihama nikiwa nimenuna.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetafuta chumba kimoja, chumba na sebule, au kanyumba ka vyumba viwili. Kama unatafuta Masaki kwa kodi kubwa, hapa hapakuhusu.

Uwe na nini mkononi

*Hela iliyohesabiwa.* Ukitajiwa chumba cha 100,000 usidhani unahitaji 100,000. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, wapole wanakubali mitatu. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo 600,000 ya mwenye nyumba, 100,000 ya dalali, kirikuu cha kubebea godoro na vyombo, kitasa kipya, ndoo, pazia. Chini ya 800,000 utaanza maisha kwa kukopa chumvi kwa jirani.

*Kitambulisho cha Taifa* au walau namba yake, na picha mbili ndogo. Mwenye nyumba asiyekuuliza hata jina lako kamili, mtilie shaka.

*Pa kujishikiza wiki mbili.* Kwa shangazi, kwa shemeji, kwa rafiki uliyesoma naye. Mtu anayetafuta chumba huku begi likiwa mgongoni hukubali chochote, na madalali humsoma mtu huyo tangu anavyosalimia.

*Simu yenye chaji, chaja yake, na mtu wa kwenda naye.* Chaja ni ya kupimia soketi. Mtu ni wa kukuvuta shati ukianza kupenda chumba kwa sababu kina vigae vinavyong'aa.

Hatua ya 1: Chagua barabara kwanza, mtaa baadaye

Dar imejengwa kando ya barabara chache kubwa. Bagamoyo inakupeleka Mwenge, Tegeta na Bunju. Morogoro inapita Magomeni, Ubungo, Kimara, Mbezi hadi Kibamba. Nyerere inakwenda Ukonga na Gongo la Mboto. Kilwa ndiyo ya Mbagala. Mandela inazikatiza ikitoka Ubungo kupitia Buguruni kuelekea bandarini. Tabata, Segerea na Kinyerezi zimejibana katikati.

Kanuni yangu ni moja: kaa mahali ambapo gari moja linakufikisha kazini. Ukifanya kazi Kariakoo, mtu wa Mbagala anapanda gari moja. Wewe uliyekwenda kupanga Goba kwa sababu "kuna hewa nzuri" utabadilisha gari, na hewa yenyewe utaifaidi Jumapili tu.

Uliza pia gari linaanzia wapi. Anayekaa karibu na kituo cha mwanzo, kama Rangi Tatu au Gongo la Mboto mwisho, hupata siti. Anayekaa katikati ya njia hukuta gari limeshajaa, ndipo anapojifunza kugeuza nalo: unapanda likiwa linarudi mwisho wa njia, unakaa, linageuka na wewe ukiwa ndani. Nauli unalipa mara mbili. Wapo wanaogeuza na gari kila asubuhi mwaka mzima bila kuitia gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi.

Kigamboni usiiogope, ila pantoni ina foleni zake, na ukipita darajani unazunguka. Jaribu safari hiyo saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya kazi kabla hujaamua.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwezi mzima

Chukua vyumba viwili. Cha kwanza ni 120,000, kipo jirani na kituo, gari moja hadi kazini. Cha pili ni 80,000, kipo ndani huko. Unatoka na bodaboda ya 1,000, halafu magari mawili. Tuseme kila gari ni 600 na unafanya kazi siku 26 kwa mwezi.

Chumba cha kwanza: nauli 1,200 kwa siku, 31,200 kwa mwezi. Jumlisha kodi, 151,200.

Chumba cha pili: nauli 2,200 kwenda, 2,200 kurudi, 114,400 kwa mwezi. Jumlisha kodi, 194,400.

Kile cha "bei rahisi" kimekuzidi kwa 43,200 kila mwezi, na bado hatujahesabu saa ulizolala foleni. Weka nauli zako halisi, hesabu ni hiyohiyo.

*Angalia:* "dakika tano kutoka barabarani" ya dalali ni dakika tano za bodaboda isiyosimama. Tembea mwenyewe, tena ukiwa na kitu mkononi.

Hatua ya 3: Ingia mtaani kwa miguu

Kabla ya kumpigia dalali yeyote, tenga Jumamosi moja uzunguke mtaa uliouchagua. Kunywa chai kwa mama ntilie. Nunua vocha dukani. Sema unatafuta chumba. Muuza duka anajua nani kahama wiki iliyopita, nani anadaiwa, na nyumba gani wapangaji hawakai. Fundi cherehani na kinyozi nao hivyohivyo. Vyumba viwili kati ya saba nilivyowahi kukaa nilivipata kwa njia hii, bila udalali. Kimoja nilielekezwa na kijana wa chipsi akiwa anageuza mayai.

Ukiona karatasi imebandikwa getini, piga namba iliyoandikwa, lakini uliza mapema kama unaongea na mwenye nyumba au dalali. Mara nyingi ni dalali.

Hatua ya 4: Mtafute dalali, kwa masharti yako

Dalali si adui. Ana njaa kama wewe, na anajua vyumba ambavyo hutaviona mwenyewe. Tatizo ni kwamba analipwa ukipanga, hata ukilia mwezi unaofuata. Kwa hiyo kabla hamjatoka mezani, malizaneni haya:

Hela ya kuonyeshwa vyumba ni kiasi gani, na ni ya vyumba vingapi? Wengine wanatoza kila chumba, wengine mara moja kwa siku nzima. Kataa kulipa kila mlango. Na hela hiyo mpe mkiwa mbele ya chumba cha kwanza, usiitume kwa simu kabla hujamwona uso.

Mweleze unachotaka kwa maneno yasiyo na mlango wa kutorokea: "Mwisho wangu ni 100,000. Luku ya peke yangu. Maji ndani ya fensi. Si bondeni." Ukimwambia "kama laki hivi", atakupeleka kwenye cha laki na nusu, kisha akuoneshe cha laki ambacho ni pango kweli, ili kile cha laki na nusu kipendeze.

Jifunze na lugha ya matangazo. "Master" ni chumba chenye choo ndani. "Inajitegemea" inaweza kuwa nyumba nzima, au chumba chenye mlango wa nje tu, kwa hiyo uliza. "Wapangaji wachache": wahesabu mwenyewe kwenye kamba ya nguo.

*Angalia:* kuna anayeonyesha chumba ambacho si chake wala hakumjui mwenyewe. Anapewa ufunguo na mpangaji anayehama, anakionyesha kwa watu wanne, wote wanalipa "kishika nafasi", naye anazima simu. Usilipe chochote cha kushikia nafasi kabla hujafika hatua ya 7.

Hatua ya 5: Kagua chumba kama fundi

Hapa ndipo pa kuchelewa. Dalali atakuharakisha, atasema kuna dada mwingine anakuja saa nane na hela taslimu. Mwache dada aje.

*Ukuta.* Mwaka mmoja nilionyeshwa chumba na sebule si mbali na bonde la Msimbazi, kodi ndogo ya ajabu. Kuta zimepakwa krimu mpya hadi kiunoni, juu ya hapo rangi ya zamani. Nikauliza. Dalali akajibu, "Mwenye nyumba anapenda rangi mbili." Nje palikuwa na mtoto wa miaka kama sita anachezea kifuniko cha ndoo. Nikamuuliza mvua ikinyesha inakuwaje. Akasimama, akaweka kiganja kifuani mwake: "Yalifika hapa." Nikaaga.

Kwa hiyo tafuta mstari: rangi iliyobadilika, plasta iliyovimba, soketi zilizopandishwa juu kuliko kawaida, kizingiti cha mlango kilichoinuliwa kwa tofali. Jangwani, Kigogo na maeneo mengine ya kando ya Msimbazi yamefurika mara nyingi. Mafuriko ya Desemba 2011 na ya Aprili 2018 bado watu wanayasimulia. Lakini si Msimbazi tu. Mto Tegeta na Mto Mbezi nayo hula kingo zake, na mtaro mdogo uliojaa chupa unatosha kukuogesha kitandani. Nje nako tazama ukuta kama una alama ya X. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara inaweza kuvunjwa wewe ukiwa na miezi minne ya kodi mbele; waulize waliokuwa kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017.

*Umeme.* Swali la kwanza: luku ni yako au ya pamoja? Luku ya pamoja ina ugomvi wa aina mbili. Wa kwanza unaonekana: wewe una taa na feni, mwenzako ana friji anauza barafu, na mchango ni sawasawa. Wa pili umejificha. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, anauziwa uniti kwa 100, ukiweka na makato inafika kama 122. Akizoea kuvuka anahamishiwa kundi la kawaida, kila uniti kwa 292, ukiweka na makato inafika kama 356. Vyumba vitano kwenye mita moja haviwezi kubaki chini ya 75. Hivyo mnalipa mara tatu ya mtu mwenye mita yake.

Kipimo changu: naomba namba ya mita, nanunua umeme wa 5,000 hapohapo, nahesabu uniti. Zikija karibu 40, mita iko kundi la chini. Zikija kama 14, iko kundi la kawaida. Zikija pungufu zaidi, uliza kunani: inaweza kuwa kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye luku mara ya kwanza unaponunua umeme ndani ya mwezi, au inaweza kuwa deni la mtu aliyehama. Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba. Kwa sababu inakatwa kwako, mwambie mapema airudishe kwenye hesabu ya kodi ya chumba. Wengine watacheka, wengine watakubali, kwa kuwa wanajua.

*Maji.* Fungua bomba. Lisipotoa, usikubali "leo tu yamekatika". Uliza majirani mgao ni siku gani na yanatoka saa ngapi. Kama ni kisima, onja. Visima vingi vya Dar ni vya chumvi: sabuni haitoi povu, chai inakuwa na ladha ya bahari, na utanunua madumu ya maji baridi kila siku. Dumu la lita 20 zidisha kwa mwezi, urudi hatua ya 2. Tazama tangi: linahudumia vyumba vingapi, na pampu inatumia umeme wa nani?

*Choo.* Ingia, usichungulie tu. Mwaga ndoo moja uone yanaenda kwa kasi gani. Uliza shimo lilinyonywa lini na gari la kunyonya hulipiwa na nani. Kama jibu ni "huku halijawahi kujaa", subiri masika. Kuna mitaa ambayo mvua kubwa ikianza watu hutapisha vyoo, mzigo unakwenda na maji ya mvua, na njia yake ndiyo njia yako ya kwenda kazini.

*Hewa na paa.* Dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, Januari, ni tanuri. Simama katikati ya chumba dakika tano ukiwa umefunga mlango. Tazama dari: duara la kahawia ni kumbukumbu ya mvua. Chomeka chaja kila soketi. Funga na kufungua kila komeo.

Hatua ya 6: Rudi usiku

Chumba kilichokuwa kimya saa tano asubuhi kinaweza kuwa ubavuni mwa baa inayofungua spika saa mbili usiku, au kanisa la turubai lenye mkesha kila Ijumaa. Njoo saa tatu usiku, bila dalali, ukiwa na mwenzako. Tazama njia ina taa? Kuna vijana wamekaa tu kwenye kona? Bodaboda wa kijiweni wanakubali kuingia huko ndani, au wanakuambia "naishia hapa"? Jibu la bodaboda nalithamini kuliko la mtu yeyote.

Kama ni Machi hadi Mei, au mvua za vuli, omba Mungu inyeshe kabla hujalipa.

Hatua ya 7: Mjue mwenye nyumba

Onana naye uso kwa uso. Akiwa mbali, ongea naye kwa simu ya picha huku ukiwa mbele ya mtu anayemwakilisha. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe, uliza kwa adabu: "Shikamoo mzee, nataka kupanga nyumba ile ya geti la bluu, mwenyewe ni nani?" Jina likilingana, vizuri. Likitofautiana, uliza tena taratibu.

Nyumba ya urithi iangalie kwa macho mawili. Baba alifariki, watoto watano, mmoja anapokea kodi na wanne wanalalamika. Utalipa kwa kaka mkubwa, mwezi wa tatu dada anafika na barua. Kama wana msimamizi wa mirathi, huyo ndiye wa kusaini naye.

Mwenye nyumba anayeishi humohumo ana faida na karaha. Bomba likipasuka anaona mwenyewe. Lakini geti linafungwa saa nne, na mgeni wako wa kike au wa kiume atapita mbele ya mama akiwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Wewe ndiye unayejua kama utaweza.

Hatua ya 8: Punguza bei, na zaidi ya bei punguza miezi

Sheria ya zamani iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Miezi sita ni mazoea ya soko, na mazoea yanajadilika. Usianze na "mama, punguza". Anza na kasoro ulizoziona: neti ya dirisha imechanika, komeo halishiki, dari ina alama ya mvua. Halafu toa ofa: "Nikilipa mitatu leo, kisha mitatu tarehe fulani, tuandikishane." Ikishindikana, omba atengeneze kasoro hizo kabla hujaingia. Nyavu na rangi ni rahisi kwake kuliko kukupunguzia 10,000 kila mwezi.

Chumba kilichokaa kitupu kina bei laini. Utakijua kwa utando wa buibui kwenye swichi na vumbi la dirishani. Na Januari, ada za shule zikibisha hodi, mwenye nyumba anayeona hela taslimu huwa msikivu.

Hatua ya 9: Mkataba kwanza, hela baadaye

Usilipe kwa kupeana mikono. Karatasi moja inatosha, ilimradi iwe na haya: majina kamili na namba za vitambulisho vyenu wote wawili, chumba kipi, nyumba ipi, mtaa gani, kodi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kuanza na ya kuisha, namba ya mita na uniti zilizomo, nani analipia maji, taka na kunyonya choo, nani anatengeneza nini, notisi ni ya muda gani kwa kila upande, na kodi haitapanda kabla mkataba haujaisha. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika, na ndicho huwaliza watu.

Wekeni mashahidi, mmoja wako na mmoja wake. Mkiweza pitisheni serikali ya mtaa ikagongwe muhuri. Kila mtu abaki na nakala yake.

Mlipe mwenye nyumba, si dalali. Ukilipa kwa simu au benki, jina linalotokea lifanane na lililo kwenye mkataba. Likitokea jina la "mdogo wangu", simama. Dalali mlipe baada ya kushika ufunguo na mlango kufunguka.

Hatua ya 10: Siku ya kuhamia

Badilisha kitasa siku hiyohiyo. Piga picha kila ukuta, sinki na dirisha kabla hujaingiza kitu, uzitume kwa mwenye nyumba kwa ujumbe ili tarehe ibaki. Jitambulishe kwa mjumbe. Salimia jirani wa kushoto na wa kulia. Ndio watakaokupigia simu mvua ikiingia mlangoni wewe ukiwa kazini.

Mambo yakienda kombo

*Kila dalali ananionyesha vya juu ya uwezo wangu.* Ama bei yako haipo kwenye mtaa huo, ama hujaitamka kwa ukali. Waulize wapangaji watatu wanalipa kiasi gani. Wakikutajia juu ya mfuko wako, sogea vituo viwili mbele kwenye barabara ileile. Usihamie barabara nyingine.

*Sina ya miezi sita.* Tafuta mwenzako mpange chumba na sebule, mgawane. Majina yenu wote yaingie kwenye mkataba. Au tafuta chumba cha uani kwa mwenye nyumba anayeishi humo, hao hukubali miezi mitatu, hata miwili, kuliko wenye nyumba za geti. Kama umeajiriwa, omba kazini mkopo wa mshahara kabla hujagusa mikopo ya kwenye simu.

*Nimelipa, dalali hapatikani.* Piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia kutuma hela dakika hiyohiyo, huenda bado haijatolewa. Nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa uliyoandikisha). Beba ujumbe wote na picha za chumba. Na warudie waliokuwa pale, mara nyingi kijiwe kinamjua.

*Nimepata ujumbe: "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii."* Huyo si mwenye nyumba wako. Anatuma kwa maelfu akijua kati yao kuna mpangaji anayedaiwa leo. Itume namba yake kwenda 15040, ya kuripoti matapeli wa simu, kisha mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyo nayo.

*Amepandisha kodi katikati ya mkataba.* Mwonyeshe kipengele, kwa upole, mbele ya shahidi wake. Akikaza, mpeleke serikali ya mtaa. Mkataba ukiisha ana haki ya kutaja bei mpya, nawe una haki ya kuondoka, kwa hiyo anza kuzunguka mitaani miezi miwili kabla.

*Amefunga mlango, vitu vyangu viko ndani.* Usivunje kufuli, utageuka mkosaji wewe. Mwite mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa, muandikishe hali ilivyo. Baraza la kata linaweza kuwasuluhisha. Likishindwa, kesi ya mpangaji na mwenye nyumba inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko bila mkataba na risiti utajieleza sana.

*Luku ya pamoja inatugombanisha.* Kila chumba kifunge mita yake ndogo ya kupimia, bei yake si kubwa, na kila wiki mnasoma na kuchangia kwa uniti. Mwenye friji atapinga. Mpigieni kura.

*Nataka kuhama na bado nina miezi minne.* Kurudishiwa hela ni nadra, maana imeshaliwa. Tafuta mtu wa kumwachia chumba, mpeleke kwa mwenye nyumba, akulipe wewe miezi iliyobaki, kisha waandikishane upya. Mwambie ukweli kuhusu chumba, spika za Ijumaa nazo zikiwemo, maana namba yako atakuwa nayo.